Maswali ya kuchagua katika embriolojia: kwa nini unapata 90 nyumbani na 48 darasani

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma mwaka wa kwanza wa utabibu hapa Mtwara. Kaka zetu wa mwaka wa tatu walituachia faili la maswali 600 ya kuchagua ya embriolojia, yaani elimu ya jinsi mtoto anavyoumbika tumboni. Nimelirudia mara nne na sasa napata zaidi ya 90 kwa 100, lakini kwenye jaribio la mwezi uliopita nilipata 48. Mada zilikuwa zilezile, ila ziliulizwa kwa namna nyingine. Nifanyeje ili maswali haya yanisaidie? Halafu kuna mtu ananiuzia faili lingine la maswali 2,000. Je, ninunue?

Jibu: Marahaba, binti. Nianze na hizo 90, kwa sababu ndizo zinazokupotosha. Mtu akirudia faili moja mara nne, kinachobaki kichwani ni sura ya swali pamoja na herufi ya jibu lake: ukiona maneno mawili ya mwanzo tayari unajua kuwa jibu ni C. Huko ni kutambua, na kutambua ni rahisi kuliko kukumbuka. Siku mwalimu wako anapobadilisha mpangilio wa machaguo, au anapouliza jambo lilelile kutokea upande wa ugonjwa badala ya upande wa kiungo, ile sura haipo tena, nawe unabaki huna pa kushika.

Utafiti wa kujifunza umelisema jambo hili waziwazi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena na tena, lingine likakisoma mara moja na baada ya hapo likajipima kwa kuandika yote linayokumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye waliojipima walikumbuka kama asilimia 61 ya kifungu, na waliorudia kusoma kama asilimia 40. Zingatia kwamba kujipima kule kulikuwa kwa kukumbuka bila machaguo yoyote mbele ya macho. Roediger huyohuyo, pamoja na Marsh, alionyesha mwaka 2005 kwamba maswali ya kuchagua yana faida na pia yana madhara: mwanafunzi anayeyafanya bila kusahihishwa huondoka na baadhi ya majibu ya uongo aliyoyasoma kwenye machaguo, na baadaye huyataja kana kwamba alifundishwa. Ukiwa na faili lenye herufi za majibu peke yake, bila maelezo, umejiweka katika hatari hiyo mara nne mfululizo.

Kwa hiyo faili lako usilitupe, lakini badili namna ya kulitumia. Funika machaguo kwa karatasi, au kwa kidole kama unasomea kwenye simu. Soma shina la swali, andika jibu lako kwa maneno yako kwenye daftari, ndipo ufunue. Kama jibu lako halimo kati ya machaguo, hapo pana somo kubwa kuliko maswali kumi uliyoyapata. Baada ya kuchagua, usigeuze ukurasa: chukua kila chaguo lililokosewa na ujiulize ni swali gani ambalo chaguo hili lingekuwa jibu lake sahihi. Kazi hii ni ya polepole, na maswali kumi na mawili kwa siku yatakutosha kabisa. Nitakuonyesha kwa swali moja.

Mgonjwa mtu mzima anafanyiwa upasuaji wa tezi za paratiroidi, zile tezi nne ndogo za shingoni zinazorekebisha kalsiamu ya damu. Mpasuaji anaziona tezi mbili za juu mahali pake, anaiona moja ya chini, na ya nne haionekani shingoni. Inakutwa kifuani, karibu na thaimasi, tezi ya kinga ya mwili. Tezi hiyo ilitokana na nini? Machaguo ni kifuko cha kwanza cha koromeo, cha pili, cha tatu na cha nne; vifuko hivi ni mibonyeo iliyo upande wa ndani wa koromeo la kiinitete, yaani la mtoto anayeanza kuumbika.

Mwanafunzi anayetumia akili ya kawaida atachagua cha nne, kwa kuwa vifuko vimepangwa kutoka juu kwenda chini na tezi inayotafutwa ni ya chini. Mtunzi wa swali anajua hivyo, na chaguo hilo ameliweka kwa ajili ya mwanafunzi huyo. Jibu ni kifuko cha tatu. Kifuko hicho hutoa vitu viwili kwa pamoja, tezi ya paratiroidi ya chini na thaimasi. Thaimasi ina safari ndefu kwenda kifuani na huivuta paratiroidi hiyo kushuka nayo, hivyo ile iliyoanzia juu inaishia chini. Kawaida wawili hao huachana shingoni na tezi hubaki nyuma ya thairoidi; wasipoachana, mpasuaji ataikuta ilikokutwa katika swali letu. Sasa geuza machaguo. Kifuko cha kwanza kingekuwa jibu kama tungeulizwa asili ya uwazi wa sikio la kati na ya mrija unaounganisha sikio na koromeo. Cha pili kingekuwa jibu kwa tonsili za kaakaa. Cha nne ni jibu kwa paratiroidi za juu, ambazo hazisafiri mbali, na kwa zile seli za thairoidi zinazotengeneza homoni ya kalsitonini. Swali moja limekupa manne, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo herufi C ingekufundisha.

Ukifika hapo nenda hatua moja zaidi. Jiulize mtoto angekuwaje kama kifuko cha tatu na cha nne visingekua inavyotakiwa. Paratiroidi zikikosekana, kalsiamu ya damu hushuka, na mtoto mchanga hupata degedege bila homa. Thaimasi ikikosekana, kinga ya seli T hudhoofika na maambukizi hayaishi. Mara nyingi mtoto huyo ana pia kasoro ya moyo kwenye mishipa mikubwa inayotoka moyoni, kwa sababu seli za ukingo wa neva zinazohitajika katika vifuko hivyo ndizo pia zinazoshuka kwenda kugawanya njia ya kutokea damu. Huo ni ugonjwa wa DiGeorge, na mara nyingi unatokana na kipande kilichopotea katika kromosomu ya 22. Mtahini akikuletea mtoto wa siku tatu mwenye degedege, kalsiamu ya chini na mlio usio wa kawaida moyoni, akauliza ni sehemu gani ya kiinitete iliyoharibika, utakuwa umeshalijibu swali hilo ukiwa chumbani kwako, ingawa kwenye faili halikuwemo.

Jambo la pili linalowaangusha wengi ni kalenda, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa embriolojia ni elimu ya wakati. Vitabu vya embriolojia huhesabu umri tangu mimba kutungwa, ambapo ujauzito ni siku 266 hivi, yaani wiki 38. Kliniki ya wajawazito huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambapo ni siku 280, wiki 40. Tofauti ni wiki mbili, na mtahini anayejua kazi yake hakuambii ametumia ipi. Anakuachia dalili ndani ya shina. Ukiona «hedhi ya mwisho», au ukiona mama, kadi na kliniki, toa wiki mbili kabla hujafungua mdomo.

Chukua mama ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, amekuja kupima leo, na hedhi yake ya mwisho ilianza wiki sita zilizopita. Yeye anaona amechelewa wiki mbili tu. Kiinitete chake kina siku 28. Moyo umeshaanza kupiga, kwani huanza kwenye siku ya 22 hivi. Tundu la mbele la mrija wa neva, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, limeshafunga kwenye siku ya 25, na la nyuma linafunga sasa hivi, kwenye siku ya 28. Tundu la mbele lisipofunga, mtoto hukosa sehemu kubwa ya ubongo na ya fuvu. La nyuma lisipofunga, tunapata mgongo wazi. Swali litauliza: mama huyu akianza kumeza asidi ya foliki leo, itamkinga mtoto na mgongo wazi kwa kiasi gani? Ukihesabu vizuri utajibu kwamba muda wa kukinga unaishia siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo mikrogramu 400 kwa siku hushauriwa kuanza kabla ya mimba kutungwa. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliochapishwa mwaka 1991, uliwapa asidi ya foliki ya miligramu 4 wanawake waliowahi kuwa na mimba yenye kasoro hiyo, na kasoro ikapungua kwa asilimia 72.

Wewe umekulia upande huu wa kusini, kwa hiyo unaweza kuiona hesabu hii ikitembea barabarani. Tanzania ina kanuni za tangu 2011 za kuongeza virutubishi, asidi ya foliki ikiwemo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Ugali wa muhogo uliosagwa kwenye mashine ya kijijini, ambao nyumba nyingi za Newala na Tandahimba zinaujua vizuri kuliko unga wa paketi, haumo katika mpango huo. Mama asiyekula unga wa kiwandani, na ambaye anafika kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, atapewa vidonge vya FEFO, yaani vya madini ya chuma na asidi ya foliki, navyo vitamsaidia kwa damu yake, lakini mrija wa neva wa mtoto utakuwa umefunga au umeshindwa kufunga zaidi ya wiki sita kabla. Ukilielewa hivi, siku ya 28 haitatoka kichwani, na hutahitaji kuikariri.

Nikiwa bado kwenye kalenda, kuna swali moja ninalolipenda kwa sababu linaunganisha kalenda na kasoro. Mama ana wiki 10 tangu hedhi ya mwisho. Amefanyiwa ultrasaundi, na sehemu ya utumbo wa mtoto inaonekana ndani ya kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, mahali inapoungana na tumbo. Machaguo ni omfalosele, gastroskisisi, ngiri ya kitovu, na hali ya kawaida ya umri huo. Wanafunzi hukimbilia omfalosele kwa kuwa neno lenyewe linatisha na linafanana na picha iliyoelezwa. Toa wiki mbili: kiinitete kina wiki 8. Utumbo wa kati hutoka kwenda ndani ya kiungamwana kwenye wiki ya 6, kwa kuwa ini na figo zimejaza tumbo na nafasi haipo, nao hurudi kwenye wiki ya 10. Kwa hesabu ya kliniki kurudi huko ni wiki ya 12. Jibu ni hali ya kawaida, na mama aambiwe arudi kupimwa tena wiki ya 12 ikishapita.

Sasa, kama kipimo hichohicho kingefanyika wiki ya 16 ya kliniki na utumbo ukawa bado uko nje, ungelazimika kuchagua kati ya omfalosele na gastroskisisi, na hapo shina lazima likupe mambo mawili: utando na mahali. Omfalosele ni utumbo ulioshindwa kurudi. Umo ndani ya kiungamwana chenyewe, umefunikwa na utando wa amnioni, na mara nyingi huandamana na kasoro nyingine za moyo au za kromosomu, kama vile trisomi ya 13 na ya 18, yaani kromosomu hiyo kuwa tatu badala ya mbili. Gastroskisisi ni tundu kwenye ukuta wa tumbo, kwa kawaida kulia kwa kitovu, na utumbo unaelea kwenye maji ya uzazi bila kifuniko chochote. Mama zake mara nyingi ni wasichana wadogo, na kasoro nyingine za mwili ni chache. Mtahini akitaja kromosomu anakuelekeza kwenye ya kwanza. Akikwambia matumbo yamevimba na kukakamaa, basi yamekaa ndani ya maji bila utando.

Haya yote huwezi kuyashika kwa maneno matupu, kwani ni mambo ya umbo. Nenda kwa fundi cherehani yeyote pale sokoni umwombe mabaki ya vitambaa vitatu vya rangi tofauti, ukubwa wa kitabu. Vitandaze mezani kimoja juu ya kingine: cha juu ektoderma, cha kati mesoderma, cha chini endoderma. Hicho ndicho kiinitete cha mwisho wa wiki ya tatu, bapa kabisa. Weka kifungo cha shati ukingoni kabisa, mbele ya mahali ambapo kichwa kitakuwa. Hapo ndipo moyo unapoanzia. Nyuma ya vitambaa, upande wa chini, kunja ile ncha ya kichwa. Utaona kifungo kikizama na kuja kukaa chini ya kichwa, kifuani. Kuna swali linalorudi kila mwaka, kwamba sehemu itakayokuwa moyo iko wapi kabla ya kiinitete kukunjwa, na wengi hawaamini kuwa ni mbele ya ubongo mpaka waone kifungo chao kikigeuka. Baada ya hapo kunja kingo mbili za pembeni zikutane chini. Kitambaa cha endoderma kimekuwa mrija wa utumbo, kile cha ektoderma kimezunguka kila kitu kwa nje, na mahali pa mwisho ambapo kingo hazijakutana ni kitovu.

Kwa mzunguko wa utumbo chukua kamba. Tengeneza kitanzi mbele yako kana kwamba umesimama mbele ya mgonjwa, mguu mmoja wa kitanzi juu na mwingine chini, na kalamu ipite katikati kama mshipa wa juu wa mesenteri. Funga uzi mwekundu kwenye mguu wa juu. Zungusha kinyume na mwendo wa saa nyuzi 90: uzi mwekundu umehamia kulia kwa mgonjwa. Hiyo ni wakati utumbo uko nje. Ongeza nyuzi 180 wakati unarudi ndani, jumla 270, na uzi mwekundu unaishia kushoto kwa mgonjwa, ambako jejuni, sehemu ya utumbo mwembamba, hukaa, huku mguu wa chini, wenye sikamu, yaani mwanzo wa utumbo mpana, na kidole tumbo, ukiwa umefika kulia. Ukiishia nyuzi 90 bila kuendelea, utumbo mpana wote utabaki kushoto. Mgonjwa wa namna hiyo akipata ugonjwa wa kidole tumbo ataumwa upande ambao daktari hautazamii. Katika maswali yote ya utumbo sijaona lililo gumu kwa mtu aliyeshika kamba ile mkononi.

Kuhusu siku na wiki, najua unahangaika kwa sababu faili lako linasema hivi na kitabu kinasema vile. Kitabu kimoja kitakuambia tundu la mbele la mrija wa neva linafunga siku ya 24, kingine 25, kingine 26. Hakuna anayedanganya. Viinitete vya binadamu huainishwa kwa umbo lake, katika hatua 23 zinazoitwa za Carnegie, kwa jina la taasisi ya Marekani iliyoanzisha idara yake ya embriolojia huko Baltimore mwaka 1914 na kukusanya viinitete vingi. Umbo linaonekana, siku halisi ya mimba kutungwa mara nyingi ni ya kukadiria. Kwa hiyo shika mpangilio kabla ya tarehe: nini kinatangulia nini, na nini hakiwezi kutokea kabla ya kingine. Tarehe za kushika kwa usahihi ni chache. Kujipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba huanza siku ya 6 au 7. Wiki ya pili kila kitu ni viwili: trofoblasti, tabaka la nje linalojenga kondo la nyuma, inagawanyika sehemu mbili, kiinitete kina tabaka mbili, epiblasti na hipoblasti, na kuna nafasi mbili, ya amnioni na ya kifuko cha kiini. Wiki ya tatu tabaka ni tatu, na zote tatu zimetokana na epiblasti. Hipoblasti huwekwa kwenye machaguo kama mtego. Ukiongeza siku za 22, 25 na 28 nilizokwisha kuzitaja, na mwisho wa wiki ya 8, kiinitete kinapoanza kuitwa kijusi, umemaliza sehemu kubwa ya maswali ya «lini».

Kasoro zinazotokana na dawa nazo ni maswali ya «lini» yaliyovaa nguo nyingine. Thalidomidi iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 na ikaondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono au miguu mifupi mno. Kipindi cha hatari kilikuwa takribani siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba kutungwa, na vichipukizi vya mikono hutokeza mwishoni mwa wiki ya nne, vya miguu siku moja au mbili baadaye. Ukiulizwa kwa nini mama aliyemeza dawa hiyo mwezi wa sita wa ujauzito hakupata mtoto wa namna hiyo, jibu liko kwenye kalenda.

Maswali ya mabaki, yaani nini kilichobaki mwilini kutokana na kitu cha kiinitete, hayahitaji falsafa. Ni machache, yaandike kwenye karatasi moja na uyamalize: mshipa wa vena wa kitovu unakuwa ligamenti ya mviringo ya ini, njia kati ya mshipa wa mapafu na aota inakuwa ligamenti ya ateri, tundu la mviringo la moyo linakuwa kishimo cha mviringo, na kadhalika. Kuhusu kiungamwana chenyewe, subiri zamu yako ya mafunzo kwa vitendo wodi ya wazazi, hospitali ya Ligula au popote utakapopangiwa, na uombe ruhusa ya mkunga kuangalia kondo la nyuma kabla halijaondolewa. Tazama pale kamba ilipokatwa. Utaona matundu matatu: mawili madogo yenye kuta nene, meupe, yamejibana, hizo ni ateri, moja pana, legevu, hiyo ni vena. Vena hiyo ndiyo inayompelekea mtoto damu yenye oksijeni, na ateri zinaitoa damu iliyotumika, kinyume na mwanafunzi anavyotarajia kwa mishipa ya mtu mzima. Ukikuta ateri moja tu, mwambie mkunga, kwa kuwa mtoto huyo anastahili kuchunguzwa figo na moyo.

Kuna aina za maswali ambazo ningekushauri uziruke. Swali lenye chaguo la «yote yaliyotajwa hapo juu» hujibiwa na mtu aliyetambua mawili tu kati ya manne. Swali la «yote ni kweli isipokuwa» linakusomesha sentensi tatu za kweli na moja ya uongo, na wiki mbili baadaye hukumbuki ipi ilikuwa ipi. Kama lazima ulifanye, andika ile ya uongo upya ikiwa imesahihishwa. Mafaili yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp pia yana tabia ambayo waandishi wake hawaioni: jibu sahihi ndilo refu kuliko mengine, kwa sababu mtunzi aliliandika kwa uangalifu na mengine akayabuni haraka. Wanafunzi wanajifunza kuchagua sentensi ndefu, na wanaita huko ni kuelewa. Ukiona jibu kwenye faili halikubaliani na hoja yako, usilikubali wala usilikatae kabla ya kufungua kitabu. Majibu yaliyonakiliwa vibaya ni mengi kuliko unavyodhani.

Kuhusu ratiba, swali ulilolikosa leo lirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ukichanganya mada ili moyo usiwe siku ya moyo tu. Daftari la makosa liwe na safu tatu: nilichojibu, kilicho sahihi, na kwa nini nilidhani vile. Hiyo safu ya tatu ndiyo wengi huiacha wazi, nami ningeitazama kwanza kama ningekuwa mwalimu wako. Kaeni wawili watatu jioni, mmoja aeleze kwa Kiswahili jinsi figo ya kudumu inavyopatikana: kichipukizi cha ureta kinatoa ureta, pelvisi ya figo na mirija ya kukusanyia mkojo, tishu ya metanefrosi inayokizunguka inatoa nefroni, yaani vichujio vya figo. Mtihani wako ni wa Kiingereza, na istilahi za Kiingereza lazima uzijue, lakini anayeweza kueleza jambo hili kwa lugha ya nyumbani bila kushikilia istilahi hata moja amelielewa. Mwenzake amkatize kwa swali la kutunga palepale. Kutunga swali zuri lenye machaguo matatu ya uongo yanayovutia ni kazi ngumu, na ukiiweza kwa mada moja, mada hiyo haitakusumbua tena.

Hilo faili la maswali 2,000 usilinunue. Kwa mwendo wa maswali kumi na mawili kwa siku, hayo 600 uliyonayo ni ya siku 50, na bado hujayafanya hata mara moja kwa namna niliyokueleza. Fedha hiyo itumie kutoa kivuli kwenye maktaba ya chuo sura za kitabu zinazohusu wiki ya tatu hadi ya nane, mada ambayo jaribio lako la pili litatoka kwa wingi, na uanze kesho na matao ya koromeo, kwa sababu vifuko vyake tumeshavifanya.